Chai Iliyovushwa Mto Kichwani

Morogoro mjini
Jumanne, 2 Mei 2023
Asubuhi: mawingu mazito mlimani, manyunyu hadi saa tatu, kisha jua.

Mama mdogo Editha,

Shikamoo. Mimi mzima, duka zima, kinu kizima. Natumaini na goti lako limepoa.

Mzigo wa wiki jana Nasibu ameushusha salama kwa Fuso lake, viroba saba. Kabla ya kuvifungua nilivipanga ukutani nikavitambua kimoja kimoja kwa vipande vya nguo mlivyofungia. Kanga ya maua mekundu, Regina. Kanga ya korosho, Mwanaasha. Kitenge cha miavuli, wewe, na nimeona kwamba zawadi yangu ya Krismasi imeshaanza kukatwa. Yote nimeyaandika kwenye shajara. Mdalasini wa safari hii ni mnene na unanukia hadi barabarani. Watu wa kantini ya Mazimbu wameagiza tena.

Sasa habari yenyewe. Nimebadilisha pakiti!

Unajua kwamba mwezi ujao kata yenu inarudia uchaguzi wa diwani. Unajua pia kwamba katika wote waliowahi kuahidi daraja, Hashimu ndiye pekee niliyemwona kwa macho yangu ameingia mtoni, suruali imekunjwa hadi magotini, ameshika futi anapima. Wenzake hupima kwa mdomo wakiwa ng'ambo. Basi nimeamua. Mbele ya pakiti nimeweka picha ya Hashimu, na chini yake maneno haya: "Chai ya Daraja. Diwani ni Hashimu." Lebo ni ndogo, ikabidi nipunguze maandishi ili picha ikae vizuri. Kijana wa stesheneri ameitengeneza safi sana, hata masharubu yanaonekana.

Usifikiri nimetumwa. Hashimu hakuniomba wala hakunipa kitu. Nimefanya kwa sababu viungo vyetu vinavuka mto ule kwenye vichwa vyenu kila wiki, na mimi nimechoka kuombea mvua ipungue. Kama mwenye duka hawezi kusema juu ya barabara inayoleta mzigo wake, atasema juu ya nini?

Nakutumia pakiti kumi na mbili, moja kwa kila mwanakikundi. Niambie wamefurahi vipi.

Mwanao,
Mwanvita

Nyongeza ya Jumatano asubuhi, kabla Nasibu hajaondoka: jana nililala saa sita kasoro robo kwa furaha.


Matombo
Jumamosi, 6 Mei

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba. Hali ya hewa ya huku huna haja ya kuniuliza, inua kichwa tu utazame mlima. Goti linauma likitaka. Na sijui kwa nini mtu mzima aniandikie saa aliyolala, lakini tangu ukiwa darasa la tano ulikuwa unaandika hata idadi ya mayai, kwa hiyo nimezoea.

Nakuandikia kwa barua kwa sababu ile ile. Mtandao unapatikana pale juu kwa katekista, na pale ukisema neno moja kwenye simu, kabla hujashuka limeshafika kisimani.

Pakiti zimefika. Niliwagawia wenzangu kwenye kikao cha Alhamisi. Walizitazama. Wakasema ahsante.

Nikuulize swali, nawe unijibu kwa utulivu. Kikundi kina wanawake kumi na wawili. Sita wanamtaka Hashimu. Watano wanamtaka Ignas, na Mwanaasha ndiye kiongozi wao, unajua sauti yake. Raya anasema hampigii mtu yeyote mpaka mmoja wao aje kumpa pole ya mbuzi wake aliyesombwa na maji. Sasa mdalasini wa Mwanaasha umo ndani ya pakiti ile. Yeye anampigia Ignas, magome yake yanampigia Hashimu. Ulimuuliza?

Mimi ningekuwa wewe ningerudisha pakiti ya zamani. Sisemi zaidi. Wewe ni mtu wa kuandika kila kitu, mengine utayaona mwenyewe.

Viroba sita hivi hapa, na mkungu wa ndizi wa kwako.

Mama yako mdogo,
Editha


Morogoro mjini
Alhamisi, 11 Mei 2023
Asubuhi: ukungu, mlima hauonekani kabisa. Mchana joto.

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimekujibu kwa utulivu, nimekaa siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Kwanza nikuchekeshe. Jumatatu mama mmoja wa mgahawa karibu na stendi alikuja na sufuria mkononi. Akasema, "Mwanvita, diwani wako nimemchemsha dakika kumi hajatoa rangi." Duka zima likacheka, nami nikacheka, nikampa maelekezo ya kuponda tangawizi kwanza. Wapo wanaonunua mbili mbili kwa sababu ya picha. Wapo wanaoishika, wakaitazama, wakairudisha taratibu kama wamegusa sahani ya moto. Bwana mmoja mwenye kofia ya Ignas alisema hawezi kunywa chai huku anatazamwa.

Mzee Badrudin, yule mwenye duka la jumla anayenichukulia pakiti nyingi kuliko wote, hakukataa kuniuzia. Alizipanga rafuni zote zimeangalia ukutani, kama watoto waliopewa adhabu. Nikamuuliza sababu. Akaniambia, "Binti, babu yangu aliuza chumvi hapa kwa Mwingereza, na akawauzia waliokuwa wanamfukuza Mwingereza. Wote waliitia kwenye mchuzi." Nikamjibu kwamba chumvi ya babu yake haikuwahi kuvuka mto wa Matombo. Alifikiri kidogo akasema hilo ni kweli, lakini pakiti hakuzigeuza.

Sasa swali lako. Ni kweli sikumuuliza Mwanaasha. Lakini nami nikuulize: daraja likijengwa, Mwanaasha atakatazwa kupita? Magome yake yatavuka makavu kama ya Regina. Watu wanasema biashara isiwe na upande. Naona wanaosema hivyo ni wale ambao mizigo yao inapita kwenye lami. Mimi nina upande, na nimeuandika mahali pa kuonekana. Kuna ubaya gani?

Ila nakiri kwamba umenisumbua. Viroba sita nimevipokea, nikavimimina haraka kwa sababu oda ya chuo cha Mzumbe ilikuwa inasubiriwa.

Wasalimie wote. Mwambie Mwanaasha nampenda hata akiwa wa Ignas.

Mwanao,
Mwanvita

Nyongeza: nililala saa saba usiku. Nilikuwa nabishana nawe kichwani, na ulikuwa unashinda.


Matombo
Jumanne, 16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mvua. Viroba vitano hivi hapa. Kikundi kizima salama. Goti salama. Mahindi yamebeba.

Mama yako mdogo,
Editha


Morogoro mjini
Jumamosi, 20 Mei 2023
Asubuhi: jua tangu saa kumi na mbili, mlima umeonekana wote hadi kileleni, safi. Sikuufurahia.

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako ya Jumanne ina mistari miwili. Wewe hujawahi kuniandikia mistari miwili tangu nizaliwe. Hata ile ya msiba wa babu ilikuwa kurasa tatu.

Nimevipanga viroba vitano ukutani kama ninavyofanya siku zote nisipokuwa na haraka. Vyote vitano vimefungwa kwa kitenge cha miavuli.

Nikachukua shajara. Tarehe 2 Mei, viroba saba, nguo saba tofauti. Tarehe 9, sikuandika nguo, nilivimimina kwa haraka ya Mzumbe. Lakini vipande vile nilivitupa kwenye boksi chini ya meza, na mimi huwa situpi boksi. Nikapiga magoti nikavitoa. Sita, vyote vya miavuli.

Kisha nikamimina magome. Yale ya mwanzo wa mwezi ni mapana, yanajikunja yenyewe. Haya ni membamba kama maganda ya kitunguu. Mama mdogo, haya ni ya miti michanga. Umechuna miti yako ile ya nyuma ya jiko? Ile uliyosema itasubiri hadi mwakani? Na kitenge changu kimebaki kiasi gani?

Nimeelewa nusu. Wenzako wamekataa kuleta, nawe umekuwa ukijaza peke yako ili mimi nisijue. Wale watano wa Ignas naelewa kwa nini wamekasirika. Lakini Regina? Regina ndiye anayempigia Hashimu ngoma kwenye mikutano. Amebandika picha yake mlangoni, uliniambia mwenyewe. Nimemwekea mtu wake kwenye pakiti, naye ananinyima mdalasini? Hapo ndipo ninapokwama.

Nilimuuliza Nasibu alipokuwa anashusha ndizi. Unavyomjua, akiwa mtani wetu hawezi kutuonea huruma. Alisema, "Ukoo wenu mmeanza kuuza kichwa cha mtu kwa gramu, halafu mnauliza kwa nini watu wamenuna." Nikamwambia aache utani mara moja tu. Akachukua pakiti, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia. "Hapa pamepungua kitu," akasema. "Kitafute wewe uliyesoma." Akawasha Fuso lake akaondoka.

Nimeitazama pakiti hiyo mpaka nimeichoka. Niambie.

Mwanao,
Mwanvita

Nyongeza ya Jumapili: nililala saa nane na dakika ishirini.


Matombo
Jumanne, 23 Mei

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba. Haya, kaa chini.

Siku ile ya kikao, nilipowapa pakiti, hakuna aliyetazama mbele. Wote kumi na moja waliigeuza nyuma, kwa pamoja, kama waumini wanaofungua kitabu cha nyimbo. Unakumbuka nyuma palikuwa na nini? "Viungo hivi vimelimwa na kuchunwa na" halafu sisi, kumi na wawili, kila mmoja na jina lake. Wewe mwenyewe ndiye uliyeyaweka miaka mitatu iliyopita, siku uliposema kwamba mnywaji lazima ajue anakunywa jasho la nani. Leo nyuma pameandikwa "Hifadhi mahali pakavu".

Regina alivaa miwani. Akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Akaniambia, "Editha, mimi jina langu limeandikwa kwa herufi za mashine mahali pawili tu duniani. Kwenye kitambulisho, na kwenye pakiti ya huyu mtoto." Ile ya zamani ameihifadhi kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Mjukuu wake alijifunzia kusoma hapo, R ya bibi.

Mwanaasha naye alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka huu yeye na Regina walikuwa upande mmoja, "Hata angekuwa Ignas wangu, jina langu asingelikalia." Wakaziweka zile pakiti mezani, moja juu ya nyingine, wakatoka. Hawakugomba. Ingekuwa wamegomba ningekuandikia siku ile ile.

Ukapunguza maandishi ili picha ikae vizuri. Wewe uliona maandishi, wao walijiona wao.

Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu oda za Mzumbe na Mazimbu zingekatika, na duka lile ndilo pekee linalonunua mdalasini wetu kwa heshima. Nikasema nikijaza wiki mbili tatu, utagundua mwenyewe, maana wewe hujifunzi kwa kuambiwa. Uligundua kwenye boksi chini ya meza. Nilicheka peke yangu jikoni hadi kuku wakakimbia. Miti imechunwa nusu tu, mvua hii itaichipusha. Kitenge kimebaki upande mmoja, nimeufanya mfuniko wa mtungi.

Juu ya siasa, sikukatazi. Una mdomo, una kichwa cha kuvalia kofia, tumia. Lakini pakiti ile ina watu kumi na wawili ndani, wewe ni wa kumi na tatu. Huwezi kuwapeleka wote kwa Hashimu bila kuwauliza kama wamevaa viatu.

Sasa fanya unavyofanya. Usilie, unajua macho yako yanavimba.

Mama yako mdogo,
Editha


Morogoro mjini
Alhamisi, 25 Mei 2023
Asubuhi: mvua ya radi alfajiri, kisha kimya. Maji yamejaa mitaroni.

Mama mdogo,

Shikamoo. Nililia, lakini kwa muda mfupi, dakika kumi hivi. Macho yamevimba.

Nimezunguka mji mzima nikakusanya pakiti zote. Mzee Badrudin alinirudishia zake, zote bado zimeangalia ukutani. Nilipomweleza sababu, akaingia ndani akatoka na pakiti moja ya zamani, ya nyumbani kwake, imebaki robo. Akavaa miwani akasoma majina yenu kwa sauti mbele ya wateja, kumi na mawili, na akayatamka vizuri kuliko mimi. Mkewe humwambia, "Leo nipikie ya akina Regina," ndivyo wanavyoiita kwao. Miaka mitatu sijawahi kujua.

Nimefikiri jana na leo. Majina yanarudi, hilo halina mjadala. Hashimu anatoka. Lakini mto haujatoka, Mama mdogo, na siwezi kuuza chai ile kama vile imeshuka kutoka mlimani yenyewe. Kwa hiyo nimechora kitu kingine. Mbele kuna mwanamke anavuka mto, maji kiunoni, kiroba kichwani. Chini yake maneno haya: "Chai hii imevushwa mto kichwani." Basi. Hakuna diwani. Atakayetaka kura na asome.

Safari hii nauliza. Nimeambatanisha lebo ya mfano na kamba. Anayekubali afunge kipande cha kanga yake kwenye kamba. Asiyekubali asifunge. Akikosekana mmoja tu, picha haitoki, nitaandika majina peke yake.

Na kofia ya Hashimu nimenunua, nimeivaa, ni yangu, kichwani kwangu. Nimevaa siku nzima nikiuza. Mteja wa kofia ya Ignas alirudi, tukataniana nusu saa, akanunua tangawizi.

Waambie nimekosa. Usilipambe neno hilo, liseme hivyo hivyo.

Mwanao,
Mwanvita

Nyongeza: nililala saa sita. Saa zinapungua.


Matombo
Jumatano, 31 Mei
Asubuhi: baridi, umande, mawingu chini yetu kama maziwa. Umeniambukiza.

Mwanangu,

Marahaba. Neno lako nililisema hivyo hivyo. Raya akauliza kwa nini mwanamke wa kwenye picha amechorwa mguu wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia. Hapo nikajua mambo yamekwisha.

Lakini usidhani ilikuwa rahisi. Regina alikubali picha, ila kwa sharti jina lake liwe la kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumia zaidi. Mwanaasha alikubali picha, ila kwa sharti jina la kwanza lisiwe la Regina. Wakabishana kuanzia saa nane hadi jua linazama, na nikuambie ukweli, nilifurahi, maana tangu siku ile ya pakiti hawakuwa wamekaa pamoja. Mwishowe Raya akasema tuandikwe jinsi tunavyovuka. Mbele huwa yeye, kwa kuwa ni mrefu na ana fimbo ya kupimia kina. Nyuma yake Mwanaasha, kisha mimi, na Regina huwa wa mwisho kwa sababu anahesabu kama wote tumetoka. Regina alifikiri akasema wa mwisho ndiye mwangalizi, naye ameridhika. Orodha iko nyuma ya karatasi hii.

Kamba hiyo hapo. Hesabu.

Imebaki adhabu. Nasibu alikuwepo, na mtani akiwa na nafasi haiachi. Amesema ukoo wetu umekula heshima ya watu, kwa hiyo uje mwenyewe Jumamosi uvushe kiroba kimoja kichwani, mbele ya watu wa gulio wote. Kikundi kimepiga makofi kupitisha. Vaa nguo zisizokuonea huruma.

Jambo la mwisho, na hili ulisome ukiwa peke yako. Mimi nampigia Hashimu. Tangu mwanzo, tangu siku ile alipoingia mtoni na futi, maana ni mimi niliyemshikia ncha ya pili. Usimwambie Mwanaasha, nimemwahidi kwamba nitafikiri.

Mama yako mdogo,
Editha


Morogoro mjini
Jumatatu, 12 Juni 2023
Asubuhi: baridi kidogo, jua jepesi, mlima wa kijani mpaka unataka kuugusa.

Mama mdogo,

Shikamoo. Shingo bado inauma na ninaifurahia.

Ya Jumamosi ile ya adhabu unayajua, ulikuwa umetangulia ng'ambo unacheka umeshika goti. Usiyoyasikia ni yale ya katikati ya mto. Maji yalipofika kiunoni niliteleza, kiroba kikaegama, na Mwanaasha akanishika kiwiko bila kugeuka, kama mtu anayeshika mlango. Kofia yangu ya Hashimu ikaanguka ikaenda na maji. Akaitazama ikizunguka jiwe inapotea, akasema, "Mgombea wenu ameanza ziara ya Ruvu." Nilicheka hadi nikanywa maji. Nyuma yetu Regina alikuwa anahesabu kwa sauti, na alipofika mwisho akasema kumi na tatu.

Yale ya kura umeshayasikia. Hashimu ameshindwa, na si kwa kura nyingi. Sitakudanganya, jana nilikaa nyuma ya duka na uso mrefu. Mzee Badrudin alinipitishia kikombe cha chai yangu mwenyewe, hakusema neno lolote juu ya chumvi.

Lakini sikiliza ya leo. Saa nne asubuhi Ignas ameingia dukani, diwani mpya, na watu wake watatu. Nikasema moyoni, amekuja kunicheka. Akachukua pakiti. Akaitazama picha muda mrefu. Akasoma kwa sauti, "Chai hii imevushwa mto kichwani." Akauliza, "Nani kasema hivi?"

Nilimshika mkono nikamgeuzia pakiti nyuma. Akasoma, Raya, Mwanaasha, Editha, mmoja mmoja, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Alipofika kwa Mwanaasha alitabasamu. Alipofika kwa Regina akasimama. "Huyu si ndiye aliyekuwa akimpigia Hashimu ngoma?" Nikamwambia ndiye. "Na huyu Mwanaasha wangu?" Nikamwambia ndiye. "Wamekubaliana?" Nikamwonyesha kamba, imening'inia ukutani juu ya kinu, vipande kumi na viwili na kimoja changu.

Akavihesabu. Hakuahidi kitu, na nilimpenda kwa hilo. Aliuliza tu mnavuka siku gani na saa ngapi, kwa sababu anataka kuwa pale Ijumaa, na kama kuna mtu ana futi. Nimemwambia amtafute Hashimu, anayo ndefu. Akacheka, akasema atamtafuta. Basi mtarajieni Ijumaa. Raya amtayarishie hadithi ya mbuzi.

Mzigo wa jana umefika, viroba tisa. Nimevipanga ukutani. Maua mekundu, korosho, mistari ya Raya, nanasi, na kwenye cha mwisho kipande kipya kabisa, kitenge cha miavuli. Nimejua kwamba mtungi umebaki wazi. Krismasi nitakuletea doti nzima, na usiikate.

Mwanao,
Mwanvita

Nyongeza ya Jumanne: jana nililala saa tatu kamili. Sikumbuki kuzima taa.